Damu Inajua Nini Kabla ya Dripu?



Jioni ya leo tuzungumze juu ya damu. Si ile ya kuchangia, wala tone la kidoleni la kipimo cha malaria. Nazungumzia mirija miwili mitatu anayotolewa mgonjwa wa saratani asubuhi ya siku ya dripu. Aliyewahi kusindikiza mgonjwa anaijua shughuli yenyewe. Mtu ametoka Songea au Kigoma kwa basi, amelala kwa shemeji yake Mbagala, amefika kliniki alfajiri kuwahi namba, ametolewa damu, amekaa kwenye benchi mpaka saa sita mchana. Jina linaitwa, anaingia, daktari anatazama karatasi, kisha anasema kwa upole, "Mama, leo hatutaweza kukupa dawa. Chembe nyeupe zimeshuka. Uje wiki ijayo."

Wiki ijayo ni nauli nyingine, ni siku saba zaidi za kumbana shemeji katika chumba na sebule, na ni siku saba za uvimbe kukaa bila kuguswa.

Daktari hana kosa kwa kuwa mwangalifu. Dawa nyingi za kemo hupiga seli zinazozaliana haraka. Saratani huzaliana haraka, lakini uboho ulio ndani ya mifupa nao haupumziki, maana kila siku unatengeneza damu mpya. Dawa ikipita, uboho unaumia pamoja na uvimbe, na kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu chembe nyeupe hufika chini kabisa. Zinazohofiwa zaidi kupungua ni nyutrofili, kwa kuwa ndizo za mbele katika kupambana na bakteria. Mgonjwa wa kemo aliyeishiwa nyutrofili akishikwa na homa ya nyuzi 38, hiyo si homa ya kumeza parasetamoli na kungoja kuche. Anatakiwa awe wodini ndani ya saa chache, antibayotiki zikiingia kwenye mshipa. Watu wamepotea kwa kungoja asubuhi.

Ndipo pakawekwa mpaka. Miongozo mingi inataka nyutrofili zisiwe chini ya 1,500 katika kila maikrolita ya damu kabla ya dripu inayofuata. Mingine inakubali 1,000. Hesabu hiyo ni miongoni mwa viashiria vikongwe vya damu katika matibabu ya saratani, na huenda hakuna kinachotumika kila siku kuipita. Haivutii magazeti. Magazeti yanapenda vipimo vipya vya vinasaba, vya mamilioni ya shilingi, navyo nitavifikia. Naanzia kwenye karatasi ya picha kamili ya damu kwa sababu swali langu la leo limelala humo: huo mpaka wa 1,500 ulipatikana kwenye damu ya nani?

Ulipatikana Ulaya na Marekani, na zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Sasa sikiliza hili. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara, katika maeneo mengi zaidi ya watu tisa kati ya kumi, hawana juu ya chembe zao nyekundu protini inayoitwa Duffy. Duffy lilikuwa jina la mgonjwa mmoja wa Uingereza ambaye damu yake ndiyo iliyoifichua protini hiyo, mwaka 1950. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake wakaeleza faida ya kutokuwa nayo: vimelea vya malaria aina ya vivax hujishikiza kwenye protini hiyo ndipo viingie ndani ya chembe, kwa hiyo asiye nayo ni vigumu sana kumdhuru. Malaria yetu kubwa, ile ya falciparum, haina habari na Duffy, inaingia kwa njia zake. Lakini kwa vivax babu zetu walikwisha kujikinga kabla ya chandarua.

Mwaka 2009 David Reich na wenzake huko Marekani wakagundua upande wa pili wa jambo hilo. Badiliko lilelile la kinasaba linalomnyima mtu Duffy ndilo linalofanya Waafrika wengi wawe na nyutrofili chache katika damu inayozunguka. Si kwamba wamepungukiwa. Uboho wao unatengeneza kama wa mtu yeyote, wala hawapatwi na maambukizi kuliko wengine. Ni kama kuhesabu askari wa nchi kwa kuwatazama walio barabarani tu, ukawaacha waliomo kambini. Sindano ya maabara huchota barabarani. Na hali hii si ya Waafrika peke yao. Iko kwa Wayemeni, iko kwa watu wengi wa Oman na Ghuba. Wewe uliyeko Maskati, au mzaliwa wa Mombasa unayetibiwa London, jambo hili linakuhusu, tena huko ndiko linaweza kumpita daktari asiyezoea damu ya kwetu.

Mwaka huohuo wa 2009 yalichapishwa matokeo ya kazi moja ambayo ningependa kila kliniki ya saratani iwe na nakala yake ukutani. Watafiti walipima watu wazima wenye afya zaidi ya 2,000 kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, wakiwemo wa Kilifi na Kigali, ili wajue namba za kawaida za damu ya mtu wa huku. Kiwango cha chini cha nyutrofili kwa watu hao wasioumwa chochote kilikuwa karibu na 1,000. Kisha wakachukua jedwali linalotumiwa na Wamarekani kupima madhara ya dawa katika majaribio, wakaliweka juu ya matokeo yao. Zaidi ya theluthi moja ya watu wale wakaonekana wana kasoro. Watu ambao hawakuwa wamemeza hata kidonge!

Athari za mpaka huo kwa wagonjwa zilikwisha kuonekana mapema. Mwaka 2003 Dawn Hershman na wenzake, New York, waliandika juu ya wanawake weusi wa Marekani wenye saratani ya matiti. Chembe zao nyeupe zilikuwa chache tangu kabla ya tiba, na tiba yao ilichukua muda mrefu zaidi kumalizika kuliko ya wanawake weupe. Kuchelewesha dripu na kupunguza dozi kuna bei yake katika saratani ya matiti, na bei hiyo hulipwa miaka kadhaa baadaye, ugonjwa unaporudi.

Sitaki mtu atoke kwenye redio yake aende kugombana na daktari kwamba mpaka hauna maana. Mpaka una maana, na uamuzi wa dripu ni wa daktari aliye mbele ya mgonjwa. Ninachotaka ni kitu kidogo: namba ya mgonjwa ya kabla ya dripu ya kwanza iandikwe juu ya faili mahali pa kuonekana, na isomwe kila mara. Aliyeanza na 1,300 kabla hajagusa dawa yoyote, akaja na 1,200 siku ya dripu ya tatu, hajashuka popote. Aliyeanza na 5,000 akaja na 1,200, huyo ameshuka kweli, na asubiri. Karatasi za maabara za leo zinawaonyesha watu hawa wawili wakiwa sawasawa, kila mmoja na alama ya mshale unaoelekea chini.

Kwenye karatasi hiyohiyo watafiti wametoa kiashiria kingine, uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti. Unagawa namba moja kwa nyingine, basi. Hakuna kitendanishi wala mashine mpya, na pengine ndiyo sababu makala juu yake zimejaa kila mahali: saratani ya utumbo, ya mapafu, ya matiti, ya tezi dume. Uwiano ukizidi 3, wengine husema 5, mgonjwa kwa wastani huishi muda mfupi zaidi. Nami nauchukulia kwa tahadhari. Kwa mtu asiye na Duffy namba ya juu katika mgawanyo huo ni ndogo tangu kuzaliwa, kwa hiyo mpaka wa 3 uliopatikana Birmingham au Shanghai hauwezi kuhamishiwa Mwanza kama ulivyo. Tena hata ungehamishika, nambie, ukishajua kwamba mgonjwa ana 6, utafanya nini? Utampa dawa gani ambayo usingempa? Kipimo cha kumwambia mtu kwamba hali yake ni mbaya, basi, bila kubadili chochote, sina haja nacho, na naamini mgonjwa pia hana.

Kipo kiashiria ambacho kilibadili kila kitu, na kisa chake kinastahili dakika chache.

Mwaka 1956, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, daktari mmoja mzaliwa wa China, Min Chiu Li, akifanya kazi na Roy Hertz, alikuwa akiwatibu kwa methotreksati wanawake wenye saratani inayoota kutokana na tishu za kondo la nyuma, mara nyingi baada ya mimba zabibu. Ilikuwa saratani ya kuua, tena upesi. Chini ya dawa hiyo uvimbe uliokuwa umejaa mapafuni ukayeyuka, picha ya eksirei ikawa safi. Wenzake wakafurahi, wakataka dawa isimamishwe. Li akakataa. Alikuwa akipima katika mkojo wa wagonjwa homoni ya hCG, ileile inayotumika kupima ujauzito, na kipimo kilikuwa bado kinaonyesha homoni ipo. Kwa hesabu yake, homoni ikiwepo na mtoto hayupo, basi inatengenezwa na seli za saratani zilizojificha mahali ambapo eksirei haioni. Akaendelea kuwapa dawa wanawake ambao kwa macho ya kila mtu walikuwa wamepona, dawa yenye sumu, mpaka hCG ikapotea kabisa.

Wakubwa zake wakaona anawatesa wagonjwa kwa ajili ya namba. Mwaka uliofuata akaondolewa kazini. Muda ukapita, ikaonekana: wale ambao dawa yao ilikatishwa mapema ugonjwa uliwarudia, wa Li wakabaki wazima. Mwaka 1972 alipewa tuzo ya Lasker kwa kazi hiyohiyo. Mpaka leo mwanamke mwenye ugonjwa huo, awe katika hospitali ya Bugando, Kenyatta au Mulago, anapimwa hCG, sasa kwenye damu, mpaka ipotee, halafu anaongezewa mizunguko ya dawa juu yake. Na wengi mno hupona.

Utasema basi kila saratani ipatiwe kiashiria cha namna hiyo, tuwahi kabla haijajionyesha. Ndivyo walivyofikiri waliokuwa wakitibu saratani ya ovari. Wana kipimo cha damu kiitwacho CA-125, ambacho hupanda miezi kadhaa kabla ya mama kuanza kuumwa tena. Gordon Rustin na wenzake wa Uingereza na Ulaya wakaamua kupima jambo hilo kwa haki. Wanawake 529 waliokuwa wametulia baada ya kemo, kisha CA-125 yao ikapanda, waligawanywa kwa kura: nusu waanze dawa mara moja, nusu wasiambiwe na waanze pale dalili zitakapotokea. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Waliowahi waliishi wastani wa miezi 25.7 tangu kugawanywa; waliongoja, miezi 27.1. Hapakuwa na tofauti ya maana. Kilichotofautiana ni kwamba waliowahi walianza kutapika na kuchoka miezi mapema, na wakapewa kemo nyingi zaidi katika umri wao uliobaki.

Namba ilikuwa ya kweli. Ilijua mapema. Ila dawa ya kurudi kwa ugonjwa haikuwa na nguvu ya kunufaika na kuwahi huko, tofauti na methotreksati ya Li.

Hapa niingize neno kwa wanaonunua vifurushi vya kupima afya mwili mzima. Maabara nyingi za mijini siku hizi zinaweka humo "alama za saratani": CEA, CA-125 na wenzake. Mtu mzima wa afya, hana dalili, analipa, anapata namba iliyopanda kidogo, anakosa usingizi mwezi mzima. CEA hupanda kwa mvuta sigara. CA-125 hupanda wakati wa hedhi, hupanda katika ujauzito, na hupanda sana kwa mwenye kifua kikuu cha tumboni, ugonjwa ambao kwetu si mgeni na ambao huleta maji tumboni kama saratani ya ovari hasa. Wapo kina mama waliofunguliwa tumbo kwa kudhaniwa wana saratani, kikakutwa kifua kikuu cha kutibiwa kwa vidonge. Vipimo hivi ni vizuri kwa mtu ambaye ugonjwa wake umekwisha kujulikana na unafuatiliwa. Kumsaka navyo mtu asiye na dalili ni biashara.

Nije kwenye vinasaba. Tangu mwaka 1948 Wafaransa wawili, Mandel na Métais, waliandika kwamba ndani ya majimaji ya damu kuna vipande vya vinasaba vinavyoelea nje ya seli. Hakuna aliyewajali kwa miaka mingi. Sasa tunajua kwamba uvimbe nao humwaga vipande vyake humo, na vinaweza kutambulika kwa makosa yaliyoandikwa juu yake. Australia, Jeanne Tie na wenzake waliwachukua wagonjwa 455 wa saratani ya utumbo mpana ya hatua ya pili, waliokwisha kufanyiwa upasuaji. Hatua hiyo ni ya utata: wengi wamepona kwa kisu peke yake, wachache wamebakiwa na mabaki, na daktari hajui nani ni nani. Kundi moja liliamuliwa kwa desturi ya kawaida. Kundi la pili liliamuliwa kwa damu: vipande vya uvimbe vikionekana wiki chache baada ya upasuaji, mgonjwa apewe kemo, visipoonekana, aende nyumbani. Katika kundi la kawaida asilimia 28 walipewa kemo, katika kundi la damu asilimia 15. Baada ya miaka miwili, walioishi bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 92.4 na 93.5. Yaani karibu nusu ya kemo ilikuwa ya bure, na damu ilijua.

Utafiti huo wa mwaka 2022 naupenda kuliko mingi, kwa sababu faida yake ni kumwondolea mtu dawa asiyoihitaji. Lakini kila mgonjwa alitengenezewa kipimo kulingana na uvimbe wake mwenyewe, na gharama yake, kwa hospitali zetu, bado ni ndoto.

Kwetu pana njia ya mkato kwa baadhi ya saratani, na imetokana na huku. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Kirusi hicho, EBV, humwaga vinasaba vyake kwenye damu pamoja na vya uvimbe, na kukipima hakuhitaji kumtengenezea kila mtoto kipimo chake. Hong Kong, Dennis Lo na wenzake wamekitumia kwa saratani ya nyuma ya pua: mwaka 2017 walitoa matokeo ya kupima wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili, wakapata 34 wenye ugonjwa, wengi wao ukiwa bado mchanga. Na upande wetu mradi wa AI-REAL, unaounganisha watafiti wa Tanzania, Uganda na Chuo Kikuu cha Oxford, ulianzishwa kujaribu mrija wa damu kwa watoto na vijana wenye dalili za limfoma, saratani za jamii ya uvimbe wa Burkitt, ili jibu lisingoje kinyama kikatwe na kisomwe na mtaalamu ambaye katika mikoa mingi hayupo. Kwa mtoto, uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku chache. Huo ndio mradi ninaoufuatilia kwa hamu.

Nimeweka mwisho jambo linalonisumbua zaidi, nalo linahusu madhara, si kupona.

Kuna dawa iitwayo fluorourasili. Wauguzi huiita 5-FU. Charles Heidelberger na wenzake waliitangaza Marekani mwaka 1957, na mpaka leo ni nguzo: utumbo mpana, tumbo la chakula, matiti, na umio, ile wengi tunaiita saratani ya koo, ambayo imeandama ukanda wa Afrika Mashariki kutoka Ethiopia, kupitia Eldoret, Bomet na Moshi, kushuka hadi Malawi. Ndugu yake wa vidonge ni kapesitabini, mgonjwa anameza nyumbani. Ni dawa za bei nafuu, zipo kwenye orodha ya dawa muhimu, na huwezi kutibu saratani Afrika bila hizo.

Mwilini, zaidi ya asilimia 80 ya dawa hiyo huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho DPD. Kuna watu wamezaliwa na DPD pungufu. Hawajui, maana katika maisha ya kawaida haiwasumbui. Siku wanapopewa dozi ya kawaida ya 5-FU, dawa haivunjwi, inabaki inazunguka kama vile wamepewa dozi mara mbili au zaidi. Mdomo unachubuka mpaka kumeza mate ni adhabu, kuharisha hakukatiki, chembe nyeupe zinaanguka, na asiyekuwa na DPD kabisa anaweza kufa kwa mzunguko wa kwanza. Ndugu watasema saratani imemwua. Ipo dawa ya kuokoa, uridini triasetati, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, lakini lazima ianzwe ndani ya saa 96 tangu dozi ya mwisho, na bei yake usiulize.

Wazungu wamelishughulikia jambo hili. Uholanzi ilipima vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 1,100. Asilimia 8 walikutwa na kasoro, wakapunguziwa dozi ya kuanzia kwa robo au nusu. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikashauri kila mgonjwa apimwe kabla ya dozi ya kwanza, na mwaka huohuo Uingereza ikaanza kupima. Kipimo cha vinasaba walichokitumia kilitafuta makosa manne. Makosa hayo manne yalichaguliwa kwa kuwa ndiyo yanayowasumbua Wazungu.

Waafrika tuna letu. Mwaka 2013 watafiti wa Mayo Clinic walieleza badiliko liitwalo Y186C, ambalo kwa watu wenye asili ya Ulaya karibu halipo, lakini kwa wenye asili ya Afrika linabebwa na takriban watatu hadi watano katika kila mia. Wabebaji wana DPD pungufu kwa karibu nusu. Kipimo cha makosa manne hakilioni. Kwa hiyo mama wa Kiswahili anayetibiwa Leicester anaweza kupimwa kwa kipimo hicho, akaambiwa, "Uko salama," akapewa dozi kamili, na karatasi yake ikabaki safi wakati mdomo wake umejaa vidonda. Hapo kipimo kina hatari kuliko kutokuwepo, kwa sababu kinamtuliza daktari.

Wafaransa walichagua njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayotufaa. Hawakutafuta makosa ya kinasaba. Wanapima urasili, kitu cha kawaida mwilini ambacho DPD hukivunja kila siku. DPD ikiwa dhaifu urasili hulundikana kwenye damu, haidhuru kosa la kinasaba ni lipi na mwenye nalo ametoka Lyon au Lindi. Ukifika nanogramu 16 kwa mililita, hadhari, punguza dozi. Ukifika 150, dawa hiyo asipewe. Tangu mwishoni mwa mwaka 2018 mfamasia wa Ufaransa hatoi 5-FU wala kapesitabini kama cheti hakionyeshi kwamba urasili umeangaliwa.

Ugumu wake ni joto na muda. Damu ikikaa kwenye mrija bila kutenganishwa, urasili unaendelea kupanda wenyewe, hasa penye joto. Inatakiwa izungushwe kwenye mashine na majimaji yake yagandishwe ndani ya saa moja au mbili. Mnajua wenyewe sampuli zetu zinavyosafiri, kwenye kisanduku, juu ya bodaboda, foleni ya Ubungo. Tena mashine ya kusoma urasili ni ya kisasa na walio nayo ni wachache. Tukiichukua njia hiyo kwa pupa tutapata namba kubwa za uongo, tutawapunguzia dozi watu ambao walihitaji dozi kamili ili wapone, na hilo nalo ni kuua, polepole.

Kwa hiyo kwa sasa mimi ningeanza na Y186C. Ni herufi moja ya kinasaba. Vinasaba havijali foleni ya Ubungo. Mrija ukichelewa siku mbili jibu ni lilelile. Na kusoma herufi moja kunafanyika kwa mashine ya PCR, aina ya zile zilizoingia katika maabara zetu kwa ajili ya VVU, kisha zikaongezwa wakati wa UVIKO-19. Wakati hilo halijafanyika, mgonjwa anayeanza 5-FU au kapesitabini aulizwe kwa simu siku ya nne na ya saba: mdomo vipi, choo vipi, homa ipo? Mwenye vidonda na kuharisha wiki ya kwanza, vidonge visimamishwe siku hiyohiyo na aje wodini, asiambiwe kwamba ndivyo dawa ilivyo. Namba ya simu ya wodi iandikwe kwenye kadi yake kabla hajapanda basi la kurudi Songea, pamoja na jina la kitu cha kuulizia: DPD.